Cheti kwanza, tenti baadaye: jinsi ya kuoana kihalali bila kuingia madeni

Kijana mmoja aliingia kwenye saiba yangu, duka la intaneti, hapa Luanda, magharibi mwa Kenya, karibu na steji ya magari ya Kisumu, akaniomba nimfungulie "fomu ya pesa ya serikali ya kuoa". Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Mchumba wake alibaki mlangoni, ameegemea friji ya soda ya jirani, hataki kuingia. Nilipoikunjua ile karatasi nikakuta bajeti ya kamati ya harusi: tenti na viti 300, mpishi na kuni, keki ya shilingi 18,000, magari matatu ya kubeba maharusi, gauni la kukodisha, sare za wasimamizi wanane, mpiga picha wa 35,000, spika na jenereta. Jumla ilikuwa 412,000. Huyu ni fundi wa kuchomelea ambaye siku njema anaondoka na 1,200.

Nilimwambia ninachowaambia wote wanaokuja na swali hilo, na wanakuja wengi: Kenya haina mfuko wa kulipia harusi wala mahari. Ziko serikali zinazofanya hivyo. Jimbo la Kano, Nigeria, liligharamia ndoa za jozi 1,800 kwa mpigo mwezi wa Oktoba 2023. Japani, kwenye manispaa zilizoingia katika mpango huo, wanandoa wapya wa kipato cha chini wasiozidi miaka 29 hupewa hadi yeni 600,000 za kodi ya nyumba na gharama za kuhama. Sisi hatuna fomu ya aina hiyo. Kwa hiyo ukitumiwa ujumbe wa simu wenye kiungo, ukaambiwa utume "ada ya usajili" ili upate mkopo wa ndoa, ufute. Nimeshaona wachumba waliotuma 1,500, kisha wakaja kwangu kuuliza pesa zitaingia lini.

Lakini usiondoke bado. Kuna mambo ambayo serikali imeyaweka na vijana wetu hawayatumii, na yakitumiwa kwa mpangilio mzuri, gharama ya kuwa mume na mke inashuka hadi kiasi ambacho fundi wa kuchomelea anaweza kukitoa mfukoni. La msingi ni hili: ndoa ni kitu kimoja na karamu ni kitu kingine. Sheria inataka ndoa. Karamu inatakwa na kamati.

Nina sababu ya kulisema hili kwa uchungu. Mdogo wangu aliishi na mume wake miaka mitano kwa mtindo wa njoo-tukae, wakingoja pesa ya harusi "ya maana". Mume akafa ajalini. Mwajiri wake akataka cheti cha ndoa ndipo atoe mafao. Tulikuwa na picha, tulikuwa na watoto wawili, tulikuwa na kijiji kizima cha mashahidi, lakini cheti hatukuwa nacho. Ilichukua karibu miaka miwili ya nauli na hati za kiapo. Kila mara ninapoona bajeti yenye keki na haina mstari wa cheti, namkumbuka akiwa amekaa kwenye benchi la ofisi ile, mtoto amelala mapajani.

Chagueni njia kabla ya kuchagua rangi za sare

Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Zote zina uzito sawa mbele ya sheria, mradi kila mmoja wenu ametimiza miaka 18 na ameridhia mwenyewe. Huku kwetu maswali huwa ni juu ya ya kiserikali na ya kimila, kwa hiyo nitakaa hapo.

Kwa Waislamu, hasa ndugu zetu wa Mumias, njia iko wazi kupitia Kadhi, na mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe. Kwa Wakristo, muulizeni padri au mchungaji kama kanisa linafungisha ndoa za pamoja. Makanisa mengi ya huku hufanya hivyo: jozi kadhaa siku moja, misa moja, na kila jozi inaondoka na cheti chake. Ila hakikisheni huyo anayewafungisha ana leseni ya Msajili wa Ndoa, maana si kila mwenye kanisa la mabati anayo.

Kuna tofauti moja ambayo wasichana nawaomba waisikie vizuri. Ndoa ya kiserikali ni ya mume mmoja na mke mmoja. Ndoa ya kimila sheria inaihesabu kuwa yaweza kuwa ya wake wengi. Ukisajili ya kimila, fahamu kwamba mlango huo uko wazi, na ukitaka ufungwe, sheria inawaruhusu nyinyi wawili kwa hiari yenu kuigeuza iwe ya mke mmoja mbele ya afisa wa ndoa. Zungumzeni jambo hilo mapema, mkiwa bado mnapendana na kucheka.

Ya kiserikali: siku 21 na mashahidi wawili

Mnaanzia kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, upande wa Ofisi ya Mwanasheria Mkuu, huduma za Msajili wa Ndoa. Mnatoa taarifa kwamba mnakusudia kuoana. Taarifa hiyo lazima itolewe si chini ya siku 21 kabla ya ndoa, na si zaidi ya miezi 3. Hubandikwa hadharani ili mwenye pingamizi ajitokeze. Hesabuni siku hizo vizuri. Nimeona watu wamealika wageni Jumamosi, taarifa wameitoa Jumatatu ya wiki hiyohiyo, wakalazimika kuomba leseni maalumu ya kuruka siku 21, na leseni hiyo bei yake ni kubwa. Haraka ndiyo inayokula pesa zenu hapo, si serikali.

Andaeni vitambulisho halisi na nakala zake, vyeti vya kuzaliwa, picha ndogo za rangi, na hati ya kiapo kwamba hamjaoa wala kuolewa. Aliyewahi kuoana na mtu akaachana naye alete amri ya talaka ya mahakama. Mjane au mgane alete cheti cha kifo. Majina yalingane. Hili ndilo linalowarudisha watu wengi nyumbani kutoka ofisi ya msajili Kisumu: kitambulisho kina "Achieng", cheti cha kuzaliwa kina "Achieng'", na karani anataka hati ya kiapo ya kueleza kwamba ni mtu mmoja. Angalieni mkiwa nyumbani, kwenye mwanga, kidole kikipita herufi kwa herufi.

Ada mtaiona kwenye skrini kabla ya kulipa, na inaingia kwa nambari ya serikali, 222222. Asiwepo mtu wa kupokea pesa mkononi, hata akivaa tai. Siku ikifika mnakwenda na mashahidi wawili watu wazima. Mnaweza kuvaa nguo zenu za kanisani. Mwaka juzi niliwasindikiza maharusi kutoka Emuhaya kama shahidi. Tulipanda matatu asubuhi hapa stejini, bibi harusi kashika maua aliyoyachuma kwa mama yake, na dereva alipojua tunakwenda wapi akazima redio akaimba mwenyewe kutoka Maseno hadi Kisian. Saa nane mchana tulikuwa tunakula samaki ufukweni tukiwa watu sita. Yule bwana harusi alilipia samaki wote na bado akabaki na nauli.

Ya kimila: ile karatasi ya mahari msiipoteze

Hapa ndipo ninapotaka mkae nami, kwa sababu hapa ndipo vijana wa magharibi wanapoumia bure.

Wengi hudhani kwamba mtu hajaoa kimila mpaka ng'ombe wa mwisho awe ameingia boma la wakwe. Kwa hiyo wanakaa miaka kumi wakijiita wachumba, watoto wakianza shule. Sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 43 kinasema kwamba pale ambapo mila inadai mahari ili kuthibitisha ndoa, kutoa kiasi kidogo cha ishara kunatosha. Ng'ombe waliobaki ni deni la heshima kati ya familia mbili. Hawazuii cheti.

Sisemi mahari yafutwe. Mimi ni Munyore niliyeolewa Gem, na siku ambayo watu wa mume wangu walikuja kwetu na ayie ya mama, ile pesa ya kuomba ridhaa yake, nilijisikia mtu mwenye watu. Ninachosema ni kwamba mahari yalipwe kwa mwendo ambao hauui nyumba changa.

Mazungumzo yetu yalifanyika Desemba 2018, chini ya mparachichi wa baba. Mjomba wangu aliandika kwenye ukurasa wa daftari la shule. Ninao mpaka leo kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vyeti vya watoto. Juu ameandika tarehe na majina ya koo mbili. Chini yake: ayie 20,000, imepokewa. Ng'ombe sita. Wawili wamefika, mmoja mwekundu, mmoja mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji. Wanne watakuja. Mbuzi wa mjomba. Blanketi la nyanya, limefika. Sukari kilo 10, imefika. Kisha mstari mmoja ambao baba yangu aliamuru uandikwe, na ninamshukuru kila siku: "Hatutaweka tarehe ya wale wanne, wala mtoto hatarudishwa kwa ajili yao." Wamesaini mjomba na shemeji yangu mkubwa, na shangazi ameweka dole gumba, wino umesambaa kidogo.

Karatasi hiyo si ya serikali na haichukui nafasi ya cheti. Lakini angalieni sheria inataka nini. Mkishamaliza hatua za mila mnazohitaji, mnamwarifu msajili ndani ya miezi 3. Katika taarifa mnataja ni mila ipi mliyofuata, na mnatangaza kwa maandishi kwamba yaliyotakiwa yametimizwa. Wanatia saini au alama mashahidi wawili watu wazima, na hawa lazima wawe watu waliokuwa na kazi maalumu ya kimila katika ndoa hiyo. Jirani aliyekuja kula wali hafai. Anayefaa ni mjomba aliyeandika, au jagam aliyewakutanisha, au mzee aliyepokea kamba ya ng'ombe. Ukiwa na ile karatasi, mashahidi wako unawajua tayari, tarehe unaijua, na hakuna mtu wa kubishana kuhusu kilichotolewa. Kisha mnaomba cheti ndani ya miezi 6 tangu ndoa, na mnafika wenyewe, wote wawili, mbele ya msajili. Sisi tulikwenda Februari 2019, wale ng'ombe wanne bado wako kwenye ahadi.

Chukueni pia barua ya chifu. Kwa kawaida mnaanzia kwa mzee wa kijiji, anawajua, anawapeleka kwa naibu wa chifu. Nendeni na vitambulisho na ile karatasi. Hakuna ada ya serikali kwa barua hiyo.

Na mkiwa kabila mbili, kama sisi, amueni mapema fomu itajazwa mila ya upande gani. Kwetu tulijaza ya Waluo kwa kuwa hatua zilifuata mila ya upande wa mume. Msiliache swali hilo likawakute dirishani.

Namna ya kuzungumza na wakwe

Bwana harusi hasemi mwenyewe, hilo mnalijua. Lakini msemaji wenu mnaweza kumwandaa. Kosa ninaloliona ni familia kwenda na kimya, wakatajiwa ng'ombe kumi na fedha juu, wakaitikia "tumesikia" kwa aibu, halafu kijana akakopa kwenye programu tatu za simu. Msemaji aende na kiasi ambacho mmekubaliana nyumbani, na akiombwa zaidi ajibu kwa unyenyekevu: "Wazee wetu, tumewasikia, na ng'ombe hatuwakatai. Tumekuja na hiki leo ili watoto wawe na jina la mume na mke, na waandikishwe. Vingine vitafuata njia hiihii, kwa sababu njia ya kwa mkwe haioti nyasi." Mkwe akisikia neno kuandikishwa, mara nyingi analainika, kwa sababu mzazi naye anaogopa binti yake kubaki bila haki. Mwelezeni baba kwamba cheti kinamlinda binti yake.

Na kama baba ni mgumu, pitieni kwa shangazi. Nimeona shangazi mmoja wa Yala akimaliza kwa dakika kumi kilichowashinda wazee mchana kutwa.

Pesa za serikali zilizopo, na zinapostahili kwenda

Kijana wa bajeti ya 412,000 aliniuliza, "Kwani Hustler Fund si ya kila mtu?" Mfuko huo wa mikopo ya serikali ni wa kila mtu mzima, ndiyo, kwa *254#, tangu Novemba 30, 2022. Lakini mkopo wa mtu binafsi ni wa siku 14, riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na asilimia 5 ya mkopo inakatwa kwenda kwenye akiba yako. Siku 14 ni muda wa kununua nyanya Kibuye na kuziuza. Keki haizai kitu katika siku 14. Ukiikopea keki utalipa kwa pesa ya unga, na ukichelewa kulipa, kiwango chako cha kukopa hakitapanda.

Kuna Uwezo Fund, inayopitia eneobunge, kwa vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Mkopo wake hauna riba, kuna ada ya usimamizi ya asilimia 3. Kikundi lazima kiwe kimesajiliwa na ofisi ya maendeleo ya jamii na kiwe na akaunti ya benki. Kuna pia Mfuko wa Vijana ulioanzishwa mwaka 2006. Ushauri wangu, na nimeuona ukifanya kazi: kamati ya harusi ina watu kumi na tano wanaokutana kila Jumapili na kuchanga. Hao tayari ni kikundi! Badala ya kuvunjika baada ya karamu, jisajilini kama chama, mfuge kuku au mkodishe hizohizo tenti na viti. Hapa Luanda kuna chama kilichoanza na kamati ya harusi moja, sasa kina viti vyake, na wanachama wake wanapooa hawalipi kukodisha.

Msaada mkubwa kuliko yote, ambao hauonekani kama msaada wa ndoa, ni afya. SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024. Kwa wasio na mshahara, mchango unahesabiwa kwa kaya, usiopungua 300 kwa mwezi. Mkiwa na cheti mnaandikishana kama mume na mke, kwa *147# au kwenye tovuti ya Afya Yangu, na mchango huo mmoja unawabeba wawili na watoto. Kujifungua kwa kawaida SHA inalipia 10,000, kwa upasuaji 30,000. Maharusi wengi wanaokuja kwangu mtoto yuko njiani, hatufichani. Basi mstari wa kwanza kwenye bajeti uwe SHA, kabla ya tenti. Kwa wasio na mshahara mchango hulipwa wa mwaka mzima, kwa hiyo anzeni kuuweka mapema, msingoje uchungu uanze. Na baba mwenye ajira ana haki ya likizo ya wiki mbili yenye malipo mtoto akizaliwa, kwa Sheria ya Ajira ya 2007. Mwajiri anaweza kudai uthibitisho wa ndoa, na hapo cheti kinarudi tena mezani.

Yule kijana tulimpunguzia

Siku ile tulikaa naye saa nzima, mchumba akaingia hatimaye, akavuta kiti. Tulifuta mstari mmoja mmoja kwa kalamu nyekundu, na aliyefuta mingi ni yeye msichana. Spika, hapana, kanisa linayo. Sare za wasimamizi, hapana, kila mtu avae kitenge alicho nacho. Mpiga picha akabaki wa saa mbili. Keki akaibakiza, ndogo, kwa sababu mama yake aliitaka, nami sikubishana naye. Ikabaki 61,000, wakaamua kwamba hata hiyo itangoja Agosti, na kwamba pesa ya kwanza inakwenda kwenye taarifa ya msajili, hati za kiapo, nauli ya watu wanne na SHA ya mwaka. Tulijaza fomu palepale.

Mkifika dirishani na mkapewa cheti, msikikunje, na msikimbilie nje kupiga picha. Simameni hapohapo mkisome: majina yenu, majina ya wazazi, tarehe, kijiji, majina ya mashahidi. Kosa likionekana mbele ya karani linarekebishwa mapema, lakini likionekana mkiwa Luanda linataka nauli nyingine na hati nyingine ya kiapo. Tengenezeni nakala nne, moja ikae kwa mama mkwe, na cheti chenyewe kiwekeni kwenye plastiki, pamoja na karatasi ya mahari.